Kochi Lililompiga Twahiru Risasi

Twahiru, fundi makochi wa Nyakabiga, alipigwa risasi na kochi siku ya Jumanne saa tatu asubuhi, akiwa amepiga goti katikati ya sebule yake. Watu wa Bujumbura wamepigwa risasi kwa njia nyingi, nyingine hazisimuliki mbele ya watoto, lakini wa kupigwa na kochi alikuwa wa kwanza yeye, na wala hakujivunia.

Mkewe Saliha alikuwa uani akichagua maharage. Aliposikia mlio alidhani ni tairi, kwa sababu jirani yao wa kushoto ana gereji na siku haipiti bila kitu kulipuka huko. Akaendelea na maharage yake. Kilichomtoa uani ni kimya. Tangu corona iingie mjini mumewe alikuwa akifanya kazi nyumbani, na mwanamume anayefanya kazi nyumbani hanyamazi: anaita chai, anaita mkasi, kisha anagundua mkasi ameukalia. Saliha akainua kichwa akasikiliza. Hakuna aliyeita kitu. Akaenda kuangalia.

Twahiru alikuwa chini, mguu wa kulia umenyooka mbele yake, suruali imetoboka juu ya goti, damu inatambaa kwenye sakafu ambayo Saliha alikuwa ameipiga deki alfajiri. Kochi lilikuwa limepinduliwa, tumbo wazi, sufi imemwagika. Na katikati ya sufi, bastola.

"Mama Houda," Twahiru akasema polepole, "kochi imenipiga."

Sasa, hilo kochi halikuwa lao. Lilikuwa la mama mmoja mjane wa Musaga, Consolate, aliyestaafu wizarani, ambaye alilileta wiki ile libadilishwe kitambaa. Zamani kazi kama hizo Twahiru alizifanyia kwenye kibanda alichopanga barabarani, ambako kochi likitaka kuua lingeua mbele ya mashahidi. Lakini corona ilipokuja harusi zilipungua, na watu wasiotarajia wageni hawabadilishi vitambaa vya makochi. Akarudisha kibanda kwa mwenyewe, akahamishia nyundo, sponji na springi sebuleni kwa Saliha. Saliha akawa na mume nyumbani tangu alfajiri hadi isha, ugonjwa ambao hakuna daktari aliyekuwa akiutafutia chanjo.

Na Twahiru alikuwa na desturi yake ya kazi. Watu hupoteza vitu ndani ya makochi: vijiko, tasbihi, rozari, meno ya bandia, barua ambazo hazikuandikwa na mwenye nyumba. Kila alichokikuta alikitia kwenye mfuko mdogo, akaufunga kwenye mguu wa kochi, likarudi navyo kwa mwenyewe bila neno, hata kama ni sarafu ya faranga tano. Alikuwa akisema kilichomo ndani ya kiti ni amana. Saliha alishawahi kuona hereni ya dhahabu ikirudi kwa mwanamke ambaye hakujua hata kama ilipotea, na roho ikamuuma wiki nzima. Lakini ni kwa ajili ya desturi hiyo watu wa Rohero, mtaa wa wenye nazo, walivuka mafundi wengine wote kumletea yeye viti vyao.

Basi asubuhi ile alikuwa akigonga fremu ya kochi kwa nyundo ili misumari ilegee, kama alivyofanya kwa makochi elfu moja. Ile amana ikajibu.

Hakulia. Alichukua mkanda mpana wa kufumia kiti, akajifunga paja juu ya tundu, akauvuta kwa kile chuma chake cha kuvutia, ukakaza. Saliha akamsifu kimoyomoyo, maana kwa kinywa alikuwa akimtukana. Juu ya ukuta wa uani kilitokeza kichwa cha jirani kikauliza kama ni tairi. Saliha akajibu ndiyo, tairi, ingawa katika nyumba ile halijawahi kuingia hata la baiskeli.

*

Aliyeitwa kwanza si daktari, ni Musafiri, mdogo wake Twahiru, kwa sababu ana teksi. Musafiri ni mtu anayejua kila kitu baada ya wenzake kukijua. Alisimama mlangoni, akaitazama bastola, akautazama mguu, akashusha barakoa kidevuni ili afikiri vizuri.

Akawaeleza kwamba risasi ikifika hospitali, polisi nao wamefika. Na polisi wana swali moja tu: bunduki ya nani. Ukisema ya fulani, fulani amekwisha. Ukisema sijui, basi ni yako, na imekutwa Nyakabiga, ndani ya nyumba yako, damu yako juu yake. Mtaa ule ulishapekuliwa chumba kwa chumba miaka ile mibaya, na hakuna aliyetaka kuona viatu vile vya askari tena. Mpaka hapo Musafiri alisema kweli. Shida ilianza alipoendelea.

"Tutasema ni resori," akasema, akimaanisha zile springi za ndani ya kochi. "Resori imeruka, ikamuingia. Fundi makochi kupigwa na resori, nani atashangaa?"

Saliha akasema yeye angeshangaa. Akasema madaktari si vipofu, risasi si springi, na mguu si mahali pa majaribio. Lakini Twahiru akakubaliana na mdogo wake, si kwa kuogopa polisi. Alisema yule mama wa Musaga alimkabidhi kiti na vilivyomo, na hakumwambia avitangaze. Ikawa kura mbili kwa moja, na mmoja wa wapiga kura alikuwa akivuja damu, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kurudia uchaguzi.

Musafiri akaiokota bastola kwa kitambaa, mkono wake umenyooka mbali kabisa na mwili, akairudisha ndani ya kochi ilikotoka, akapigilia kipande cha gunia juu yake. Alipigilia taratibu mno, misumari mitatu kwa dakika tano, jasho linamtiririka.

*

Kwenye lango la hospitali palikuwa na foleni ya kunawa mikono, na baada ya foleni ya kunawa, foleni ya kupimwa joto. Mwisho wake alisimama muuguzi mmoja, Olga, ndani ya joho la plastiki, miwani juu ya miwani, ameshika kile kipimo chenye umbo la bastola. Alipomlenga Twahiru kwenye paji la uso, Twahiru akafumba macho akatoa shahada. Watu wa nyuma wakacheka. Saliha hakucheka. Musafiri angecheka, ila alikuwa amebaki ndani ya gari, mbali.

Kipimo kikalia. Joto lilikuwa limepanda, na si ajabu: Musafiri alikuwa amefunga vioo vyote njia nzima ili watu wasione damu, na teksi yake juani ni tanuru. Saliha alikuwa akijaribu kueleza hilo wakati Twahiru alipokohoa.

Kikohozi kile mtaa mzima wanakijua. Ni cha miaka ishirini, kimetokana na vumbi la sufi na nyasi za makochi ya watu, kina ghorofa tatu, na akikianza hakiachi mpaka kifike juu. Nyakabiga wanakitumia kama saa. Lakini Olga hakutoka Nyakabiga. Alirudi hatua mbili nyuma, na foleni nzima ikarudi naye.

"Hemani," akasema, akinyoosha kidole nyuma ya jengo.

Saliha akaeleza kwamba mgonjwa hakuja na kikohozi, kaja na mguu. Olga akauliza mguu una nini. Na hapo Saliha, mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno, alijikuta na neno moja tu. Akasema resori. Olga akainama, akafungua kidogo ule mkanda, akaangalia. Alikaa hapo kwa muda mrefu kuliko springi inavyostahili.

"Resori gani inatoboa mutu tundu ya duara namna hii?" akauliza, kwa sauti ya chini. Saliha akaukaza tena ule mkanda. Olga akainuka, nyuma yake watu arobaini wakimngoja, akasema, "Sawa. We mama, ukikumbuka vizuri, uje unitafute."

Wakamsafisha kidonda, wakakifunga, damu ikasimama. Wakamwingiza kwenye hema jeupe nyuma ya jengo, pamoja na wenye joto na wenye kikohozi, wakamtia kijiti puani kumpima. Majibu yangekuja Ijumaa. Kabla ya majibu hakuna anayeingia chumba cha upasuaji, na wadi ya zamani ya majeruhi, ile ambamo watu wa risasi na watu wa ajali walikuwa wakilazwa, ilikuwa imegeuzwa ya corona. Daktari wa upasuaji alibaki mmoja, kwenye vyumba viwili vya mwisho wa korido. Haya yote Saliha aliyasikia akiwa nje ya kamba. Palikuwa na kamba ya njano imezungushwa kuzunguka hema, na ndugu za wagonjwa waliruhusiwa kufika hapo, basi.

*

Jumatano asubuhi alifika na uji. Chakula kilikuwa kikiwekwa chini, kisha mlinzi anakisukuma kwa ufagio mpaka upande wa pili, na uji wa Saliha ulisafiri mita nne ukimwagika. Hema lilikuwa limekunjwa upande mmoja ili hewa ipite. Kitanda cha Twahiru kilikuwa cha tatu.

Ilibidi azungumze na mumewe kwa kupaza sauti, mbele ya watu thelathini. Amelala? Hakulala. Amekojoa? Twahiru akageuza uso. Saliha akarudia swali kwa nguvu zaidi akidhani hakusikia. Mgonjwa wa kitanda cha pili, Adrien, karani wa benki mwenye corona ya kweli kabisa, akajibu kwa niaba yake kwamba ndiyo, amekojoa, mara mbili, na angeshukuru kama mwenye mguu angepelekwa kwenye miguu wenzake, maana mtu anakuja kufa kwa mapafu anakuta kelele za resori.

Lakini Saliha alikuwa ameshaona. Shuka lilikuwa limeinuka juu ya paja kama mtu amelalia mto. Mguu uliotokeza chini ulikuwa na rangi isiyo yake. Akamwambia achezeshe vidole. Twahiru akamtazama, akatazama vidole, wote wawili wakavingoja, na vidole havikufanya kitu.

Olga akaja kwenye kamba. Ndani ya yale maplastiki alionekana amechoka kufa. Akamwambia mguu unavimba kwa ndani, unyayo umepoa, na mtu wa springi anangoja majibu kama watu wote. Kisha akasema, akitazama mahali pengine, kwamba sheria ya hapo ina mlango mmoja. Risasi haingoji majibu. Risasi ikitamkwa, daktari anavaa hayo maplastiki anampasua hivyo hivyo. Ila ikitamkwa inaandikwa, na ikiandikwa polisi wa langoni anaitwa. "Mi sina habari ya risasi," Olga akamaliza. "Niliambiwa ni resori."

Saliha akaikaribia kamba mpaka ikamkaba tumboni.

"Baba Houda, mi nasema."

"Apana."

"Watakata muguu."

"Muguu ni yangu," Twahiru akasema. Alikohoa, akapumzika, akarudi. "Ile kitu ni ya mutu. Alinipa kiti, nikamwambia sawa mama. Ukisema risasi watauliza ya nani. Nikinyamaza ni mi nafungwa, nikisema anafungwa yeye, mujane. Acha Ijumaa ifike."

Ijumaa. Saliha alimtazama huyu mwanamume ambaye alimrudishia tajiri wa Rohero kijiko kilichopinda, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alitamani angeolewa na mwizi. Mwizi angekuwa na miguu miwili. Akainama, akachukua bakuli tupu, akaondoka bila kuaga. Twahiru akadhani amekubali.

*

Musafiri alimpeleka Musaga, akilalamika njia nzima juu ya bei ya mafuta, mpaka Saliha alipomwambia kwamba neno moja zaidi na yeye atatembea kwa miguu, kisha atamsimulia kila mtu wa Nyakabiga nani aliyebuni resori. Musafiri akaongeza mwendo. Walipofika alisema atangoja garini, kama kawaida yake.

Alichokuwa akikitaka Saliha ni ruhusa. Alikuwa ameyapanga maneno: ataanza kwa pole, atamwambia yule mama kwamba ndani ya kochi lake kumekutwa kitu ambacho labda hata hakijui, kwamba kimeleta ajali, na kwamba anaomba, kwa heshima zote, aruhusiwe kusema kilitoka wapi. Heshima hazikuwa fani yake, kwa hiyo aliyarudia maneno hayo mara nne.

Consolate alimpokea barazani, amevaa barakoa iliyoshonwa kwa pazia. Ndani kulikuwa na vurugu ya watoto watatu wanaokimbizana kuzunguka nafasi tupu, mahali pale kochi lilipokuwa. Binti yake Chanelle alikuwa na mgahawa ufukweni. Corona iliufunga, akarudi kwa mama na wanawe wote. Consolate akaleta vigoda viwili, akaviweka mbalimbali kama serikali ilivyoagiza, akauliza kama kazi imekwisha.

"Kazi haijakwisha," Saliha akasema. "Fundi iko hospitali. Ndani ya kochi mulikuwa—"

"Imelia?" Consolate akauliza.

Hakuuliza nini kilikuwemo. Hakushangaa wala hakuguna. Aliuliza kama imelia, kama mtu anayeuliza maziwa yamechemka. Yale maneno ya heshima ambayo Saliha aliyabeba kutoka Nyakabiga yakamwishia hapo hapo.

Kisha Consolate akazungumza, taratibu, mikono imelala mapajani. Marehemu mumewe, Maxime, aliishona mle wakati ule wa misako, na hakumwambia mpaka alipokuwa kitandani sukari inammaliza. Kuitupa, watu wangeona. Kuipeleka kwa polisi, wangeuliza alikuwa akifanya nini nayo miaka yote. Kwa hiyo aliikalia. Miaka mitano, kila jioni, alikaa juu ya lile kochi yeye mwenyewe ili asikae mtu mwingine. Wageni walidhani ni kiburi cha wizarani. Kisha ikaja corona na wajukuu watatu, na wajukuu hawakai juu ya kochi, wanaruka, tangu kunapokucha, na kila wakiruka yeye anasimama jikoni amefumba macho.

"Fundi namujua," akasema. "Harudishi nusu. Nikasema huyu ataiona, atajua la kufanya, na hatasema kwa mutu."

Saliha alikuwa na kibao tayari. Wallahi kilikuwa kwenye mkono, kimebakiza kuruka tu. Mwanamke huyu alikuwa ameangalia mji mzima akitafuta mtu mwaminifu wa kumpelekea risasi, na akampata. Kama Twahiru angekuwa fundi mla rushwa wa kawaida, saa ile angekuwa sebuleni akiita mkasi. Saliha akasimama. Katoto kadogo kuliko wote, ka miaka mitatu hivi, kakatoka mbio ndani kakamparamia bibi yake, kakaanza kuruka juu ya mapaja yake, na Consolate akamshika kwa mikono miwili, kwa nguvu, kwa mazoea ya mtu anayezuia kitu kisilipuke. Saliha akatazama ile mikono. Kibao kikakosa pa kwenda.

"Mume wangu anakufa muguu juu ya heshima yako," akasema. "Na yako haistahili hata kidole. Vaa viatu."

Consolate akaingia ndani. Alikaa kitambo, na Saliha akaanza kuhesabu madirisha ambayo mtu anaweza kutorokea. Aliporudi alikuwa amevaa suti yake ya zamani ya ofisi, ya kijivu, na mkoba, na viatu vya kisigino. Akambusu kila mjukuu juu ya kichwa. Mlangoni alisimama, akamshika Saliha mkono, corona au siyo corona.

"Kila kitu nitasema mwenyewe," akasema. "Nakuomba moja tu. Fundi asijue kama nilijua."

Saliha akamwambia apande gari.

*

Olga alimwona anakuja tangu mbali.

"Nimekumbuka," Saliha akasema. "Apana resori."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo yangeweza kwenda nayo tangu Jumanne. Daktari Audace alitokea akivaa maplastiki huku anatembea, mtu mfupi, macho mekundu. Akalifunua shuka, akaminya unyayo, akauliza bunduki gani na kutoka umbali gani. Saliha akamwambia bastola, na umbali wa kochi. Daktari hakucheka.

"Zamani nilikuwa naletewa risasi ya barabarani," akasema akifungua bandeji. "Bar, majambazi, mipakani. Tangu corona barabarani kumetulia. Sasa zinatoka nyumbani. Mutu amekaa bila kazi, anafungua kabati, anafungua sanduku la marehemu baba. Mwezi huu peke yake ni ya nne. Kochi bado sikupata." Kisha akawaambia wabebaji wakimbie.

Kitanda kikapita kwenye korido, watu wakijibana ukutani wasiambukizwe. Twahiru alikuwa na homa kali, ya kweli sasa, lakini macho yalikuwa wazi, na alipopita kwenye kamba alimwona mkewe, akamwona na mama wa Musaga amesimama nyuma yake ndani ya suti ya kijivu, na polisi kando. Akataka kuinuka. Wakamlaza.

Polisi wa langoni aliitwa Télesphore, mtu wa makamo, kalamu yake haikuandika, akaazima ya Olga, Olga akainyunyizia dawa kabla ya kuitoa na baada ya kurudishiwa. Alikuwa na karatasi ya ripoti yenye nafasi ya jina la aliyepiga. Alikwama hapo kwa muda mrefu. Consolate akamsogelea, akamwambia jina lake lote, herufi kwa herufi, kama mtu aliyefundisha makarani wengi kuandika. Kochi ni lake. Silaha ni ya marehemu mumewe. Iko bado ndani ya kochi, Nyakabiga, waende wakaichukue, na watembee polepole.

"Ulikuwa unajua?" Télesphore akauliza.

Consolate akatazama chumba cha upasuaji kilichofungwa mlango, halafu Saliha.

"Nilikuwa najua," akasema. "Andika."

Waliondoka pamoja, yeye mbele, visigino vinagonga saruji, polisi nyuma akiwa ameshika karatasi. Musafiri, ambaye alikuwa ameegesha mbele ya lango, aliona kofia ya polisi ikija akawasha gari akaenda zake, na hajui lolote lililosemwa mpaka leo.

Saliha akangoja kwenye benchi saa mbili na nusu. Alimlaani Consolate, akamlaani marehemu Maxime, akalaani mipaka iliyofungwa na aliyeifunga na popo wa Uchina kama kweli alikuwa popo. Daktari akatoka na sahani ndogo ya chuma, risasi imelala humo, ndogo mno kwa usumbufu wote ule. Akasema mguu umebaki. Unyayo ndio utakuwa mzito, hautainuka vizuri, atautembeza kwa fimbo. Saliha akauliza kama wangesema Jumanne. Daktari akavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Jumanne angetembea," akasema.

*

Ijumaa majibu yalikuja: Twahiru hakuwa na corona wala hajawahi kuwa nayo. Wakamhamishia kwenye moja ya vile vyumba viwili vya mwisho wa korido, ambako hakuna kamba, na Saliha akaruhusiwa kukaa kwenye ukingo wa kitanda na kumlisha uji kwa kijiko kama binadamu. Alimletea na salamu za mtaa. Alimweleza kwamba polisi walikuja watu wanne na wakalibeba kochi lote kama lilivyo, na majirani wakatoka nje kulitazama likipita kama maiti ya kiongozi. Alisema mengi, mbiombio, ili pasiwe na nafasi ya swali.

Twahiru alimwacha amalize. Uso wake ulikuwa umekonda kwa siku tatu.

"Yule mama amefungwa?"

Saliha akasema wanamhoji bado, Chanelle anampelekea chakula, wanasema huenda wakamwachilia kwa sababu ya umri na kwa sababu alikuja mwenyewe.

"Alikujaje mwenyewe? Nani alimwambia?"

Kijiko kikabaki hewani. Saliha aliona mahali maneno haya yanakoelekea. Angeweza kuyamaliza kwa sentensi moja, naye sentensi hiyo alikuwa nayo, amelala nayo siku mbili, tamu, imeiva: alijua. Alikuchagua wewe kwa sababu hutasema. Na ingekuwa kweli, na haki ingekuwa yake yote, na mumewe angelala pale na unyayo uliokufa akijua kwamba kile alichokiita amana kilikuwa mtego uliotegwa kwa saizi yake. Angeondoka hospitali akiwa na fimbo, akarudi kwenye makochi ya watu, na kila kiti atakachoinamia angejiuliza mwenye kiti alimfikiria nini. Hana kazi nyingine. Hajui nyingine.

"Mi nilimwambia," Saliha akasema.

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Mutu alinipa kiti chake, mama Houda." Sauti yake haikupanda, afadhali ingepanda. "Miaka yote hakuna mutu alitoka kwangu na aibu. Hata mumoja. Sasa mujane wa watu iko mbele ya polisi, kisa mi na muguu. Kwa nini hukunyamaza?"

Akageuza uso ukutani. Machozi yalikuwa yakimtoka, mtu ambaye hakulia siku ya risasi. Saliha alirudisha kijiko kwenye bakuli, akakoroga uji uliokwisha kupoa, akakoroga tena.

"Nilishindwa," akasema.

Na Twahiru akaamini. Hakuuliza tena, wala hakuwa na sababu ya kuuliza, kwa maana katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwahi hata siku moja kumwona mke wake akinyamaza.